Mfuate punda mwenye saruji

Ukitaka kujua ni nyumba gani ya Mji wa Kale wa Lamu itakayoanza kuugua, kaa barazani asubuhi uangalie punda. Aliyebeba mawe ya matumbawe au boriti, mwache apite. Aliyebeba mifuko ya saruji, mfuate.

Kazi yangu ni kukagua kuta za mawe. Watu wakisikia uhifadhi, akili inakimbilia mlango wa nakshi. Lakini mlango una watetezi: mtalii anaupiga picha, mwenyewe anajivunia, na ukijaribu kuung'oa mtaa mzima utapiga kelele. Lipu, ule mpako unaofunika mawe ya ukuta, haina wa kuitetea.

Ukuta wa Lamu ni matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita hivi. (Vyumba ni vyembamba kwa sababu ya boriti za mikoko: upana wa chumba ni pale boriti inapofika, chini kidogo ya mita 3.) Unyevu hupanda kutoka ardhini, na huku kisiwani hupanda na chumvi. Chokaa inapumua. Maji yanatokeza usoni pa ukuta, upepo unayakausha, chumvi inabaki nje, unaifagia. Lipu ikichoka unaibandua na kupiga nyingine; imewekwa pale ichoke badala ya jiwe. Saruji inayafungia maji ndani. Basi yanazidi kupanda mpaka kwenye vichwa vya boriti vilivyofukiwa ukutani, na boriti inaoza bila mtu kujua.

Kaskazi moja niliitwa na bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani. Ukuta wa ndani ulikuwa umepigwa simiti, laini kama sahani. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama boga kavu. Fundi alitia patasi mara mbili, kipande kizima kikaanguka kwa mpigo mmoja, na nyuma yake chokaa ya zamani ikamwagika kama sukari iliyolowa. Nikapanda ngazi, nikachoma kisu kwenye kichwa cha boriti. Kikazama hadi kwenye mpini.

"Mwanangu," akasema, "simiti si ndiyo yenye nguvu?"

Ndiyo, bibi. Nguvu zake ndizo zinazouumiza ukuta huu.

Sheria hatukuzikosa. Mji ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1986, UNESCO wakauingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ni ya mwaka 2006. Ila macho yetu, wataalamu, yamezoea kinachoonekana kutoka njiani. Nimewahi kukaa kwenye kikao tukabishana asubuhi nzima kuhusu ghorofa moja ya kuongeza, na hakuna aliyeuliza lipu ya chini itapigwa kwa chokaa au kwa saruji. Nami nilikuwemo, nimenyamaza.

Wala sidhani kumtoza faini anayepiga saruji kutasaidia. Saruji iko dukani, unaikoroga sasa hivi, kufikia Ijumaa umemaliza. Chokaa ichomwe tanuuni, izimwe kwa maji, ilale shimoni wiki kadhaa, kisha umpate fundi anayeijua, na wengi wao ni wazee. Tena nyumba ni ya warithi saba: mmoja Mombasa, mwingine Uarabuni, kila mmoja anangoja mwenzake atume pesa. Mama wa watu anayeona ukuta unabomoka afanye nini? Ningekuwa na sauti kwenye bajeti ya uhifadhi, ningeacha mabango na semina, nichimbe shimo moja la chokaa iliyozimwa, wazi kwa kila mwenye nyumba, kwa bei isiyozidi ya saruji. Mbele ya shimo hilo, ndipo kumdai mwenye nyumba kibali cha ukarabati kungekuwa na maana.

Kwa bibi yule tulibandua simiti kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua, kisha pesa ikaisha. Boriti mbili zilibadilishwa, nyingine tumezitegemezea nguzo. Tulipomaliza kupiga chokaa nikamweleza ainyunyizie maji asubuhi na jioni, na atundike magunia mabichi upande wa dirisha, kwa sababu chokaa ikikauka haraka inapasuka.

Akauangalia ukuta, akaniangalia mimi.

"Siku zote hizi unanitolea maji ukutani," akasema, "kumbe ili unirudishe niyatie mwenyewe?"