"Heavy" si uzito wa mizani tu

Juzi pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kijana anayejifunza Kiingereza alinieleza kwamba "heavy smoker" ni mvutaji sigara mnene. Wengi tulikaririshwa hivyo: "heavy" ni -zito, basi. Sivyo. Neno hilo hubeba pia maana ya wingi, au ya jambo kufanywa kupita kiasi. "Heavy smoker" anaweza kuwa mwembamba kama ufito. Kinachohesabiwa ni sigara anazomaliza kwa siku.

Tukiwa tunazungumza, mvua ikashuka, akina mama wakakimbilia kuzoa dagaa walioanikwa mchangani. Mvua kama ile Mwingereza huiita "heavy rain". Sisi husema mvua kubwa, na hapo ndipo wengi huteleza wakasema "big rain". Ataelewa, lakini mwenyewe hasemi hivyo. Foleni kubwa ya magari nayo ni "heavy traffic".

Usingizi mzito hauna shida: mwenye nao ni "heavy sleeper". Mtego uko kwenye uji. Uji mzito kwao ni "thick". Ukiuita "heavy", watadhani unalemea tumbo.