Tenganisheni Taka za Ukarabati Kabla ya Kufika Mizani
Malalamiko ya wananchi wanaorudishwa langoni mwa dampo yameongezeka, hasa ya wanaokarabati nyumba, na mengi yana chanzo kimoja: mzigo uliochanganywa. Matofali, vigae na zege safi hutengewa eneo la kifusi, kwa kuwa husagwa na kutumika tena kama kokoto za kujazia. Lakini likionekana humo kopo la rangi mbichi, au taa ya mrija ambayo ndani yake mna zebaki, mzigo wote huhesabiwa kuwa taka mchanganyiko na kutozwa kwa kiwango hicho. Mhudumu wa lango hana mamlaka ya kupunguza, na kumbembeleza ni kumchelewesha aliye nyuma yako.

Gari hupimwa likiingia, dereva hueleza aina ya taka na zilikotoka, mzigo hukaguliwa na kushushwa mahali palipoelekezwa, kisha gari hupimwa tena likiwa tupu. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzito unaolipiwa, na stakabadhi hutolewa baada ya kipimo cha pili, si kabla. Wanaolalamika kwamba gari lilikuwa nusu tu wafahamu kuwa mita moja ya ujazo ya zege hukaribia tani mbili na nusu.

Mbao za jasi (gypsum), zile za dari na kuta, nazo zitengwe, kwa sababu zikifukiwa na taka zinazooza, penye unyevu na pasipo hewa, bakteria huzalisha gesi ya salfidi ya hidrojeni, inayonuka kama mayai viza na ambayo ni sumu kwa watumishi wetu.

Asbesto, yaani madini ya nyuzi yaliyomo katika baadhi ya mapaa ya zamani, isivunjwe, isikatwe wala isifagiliwe ikiwa kavu. Iloweshwe, ifungwe kwa plastiki nzito tabaka mbili, na iletwe kwa miadi tu. Tumekwisha kueleza mara nyingi kwamba paa la asbesto halipoi kwa uzee: linavyochakaa ndivyo linavyoachia nyuzi, na saratani zitokanazo na nyuzi hizo huweza kujitokeza baada ya miongo kadhaa.

Anayemkodi mtu kumbebea taka asidhani wajibu wake umeishia kwenye geti la nyumba yake, kwani katika nchi nyingi sheria humfuata hata mwenye taka zilipotupwa kandokando ya barabara. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya kuiona stakabadhi ya mizani.