Iacheni Chaja, Tazameni Hita

Kazi yangu ni kukagua matumizi ya umeme majumbani na maofisini. Nikimwuliza mteja amefanya nini kupunguza bili au kusaidia tabianchi, jibu nalijua kabla hajafungua mdomo: "Nachomoa chaja ya simu." Tena husema kwa fahari.

Chaja nzuri ya kisasa isiyo na simu hula takriban sehemu ya kumi ya wati. Iache ukutani mwaka mzima, usiku na mchana, haifikishi uniti moja. Sasa twende bafuni. Kupasha lita 40 za maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 40 kunataka uniti 0.93, hata kama hita haipotezi joto hata kidogo. Yaani kuoga mara moja tu kumeshaipita chaja ya mwaka mzima! Na aliyechomoa chaja asubuhi ndiye huyo huyo anayeacha maji ya moto yamwagike huku akipaka sabuni.

Sisemi watu ni wavivu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulikuta kwamba wengi wakiulizwa njia bora ya kuokoa nishati hutaja kupunguza matumizi, kama kuzima taa, na wachache hutaja vifaa vyenye ufanisi zaidi. Taa iliyosahauliwa inaonekana. Maji yanayochemka ndani ya tangi hayaonekani. Basi shikeni hili: kinachopasha au kupoza ndicho mlaji. Hita, jiko, pasi, kiyoyozi, friji. Bana karatasi kwenye mlango wa friji uvute. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka, badilisha. (Nawaambia wateja wote, wanaofanya ni wachache.)

"Umeme wangu na tabianchi wapi na wapi?" Takriban robo tatu ya gesijoto (gesi zinazonasa joto hewani) zinazotokana na binadamu zinatoka kwenye kuzalisha na kutumia nishati. Tuendelee.

Wengine huniambia tundu la ozoni ndilo linaloipasha dunia. Silo. Hilo ni suala la miale ya urujuanimno, na Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni, ililishughulikia. Kinachonasa joto zaidi ni kaboni dioksidi tunayoongeza kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi.

Na wanaodhani paneli za sola hula joto wajue: hazili joto, zinakula mwanga. Paneli nyingi za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.5 ya nguvu kwa kila nyuzijoto moja paneli inapozidi 25. Fundi akitaka kuzilaza zigusane na paa, mkatalie. Hewa lazima ipite chini yake.