Hukumu ya Mungu ni nini hasa

Juzi kwenye jumuiya yetu mama mmoja mjane alikuwa anaeleza jinsi mashemeji walivyovuna mahindi yake, kisha wakasogeza mpaka hadi karibu na jiko lake. Kabla hajamaliza, mzee mmoja akamkatiza kwa upole: "Mama, usihangaike na baraza la kata. Mwachie Mungu, hukumu ni yake." Tukaitikia amina, wimbo ukaanzishwa. Yule mama akaukunja muhtasari wa kikao cha ukoo aliokuja nao, akaurudisha ndani ya Biblia.

Nimeyasikia maneno hayo misibani, vikaoni na madhabahuni, na kila mara neno hukumu linabebeshwa mzigo usio wake. Katika Biblia, hukumu ya Mungu ni Mungu kuingia kati ya mwenye nguvu na mnyonge, na kumrudishia aliyedhulumiwa kilicho chake. Adhabu inaweza kuwemo, lakini si kiini.

Neno lenyewe tumelipata kwenye Kiarabu, hukm, ukoo mmoja na hakimu, mahakama na hekima. Wanakamusi wa Kiarabu wa zamani walilihusisha na hakama, kile chuma cha lijamu kinachomzuia mnyama asiende atakako. Kwa hiyo tangu mwanzo lina sura ya kumzuia mtu mkono. Kwetu leo limesinyaa. Fulani kahukumiwa miaka 30, hukumu ya kifo, usinihukumu: basi. Ndiyo maana mtu akisoma Amosi 5:24 katika Union Version, ile tafsiri ya Biblia ya Kiswahili ya 1952, "Lakini hukumu na itelemke kama maji, na haki kama maji makuu", anaona gharika ya adhabu inakuja.

Amosi hakumaanisha gharika. Neno lake la Kiebrania ni mishpat, yaani shauri lililoamuliwa sawasawa, stahili ya mtu iliyomfikia mkononi. Alikuwa mchungaji na mkulima wa mikuyu kutoka Tekoa, na aliokuwa akisema nao ni watu waliouza maskini kwa jozi ya viatu, waliopokea rushwa langoni mwa mji, mahali ambapo wazee waliketi kuamua mashauri. Waliokuwa na kiu ya maji hayo ni wanyonge. Watafsiri wa Biblia Habari Njema, tafsiri ya baadaye, waliandika "haki itiririke", na hapo waliwasaidia wasomaji wengi.

Mzizi huohuo wa mishpat ndio uliotoa jina la kitabu cha Waamuzi, shofetim. Nani hao? Gideoni aliitwa akiwa amejificha na ngano yake ndani ya shinikizo la kukamulia zabibu, kwa sababu Wamidiani walikuwa wakipora mavuno. Debora aliketi chini ya mtende, kati ya Rama na Betheli, watu wakimpandia na mashauri yao. Kwa watu wale, kuamua na kuokoa vilikuwa karibu kitu kimoja. Zaburi ya 96 inasema hata miti ya msituni itaimba kwa furaha kwa sababu Bwana anakuja kuihukumu nchi. Mti hauimbi kwa kuona kiboko kinakuja.

Najua mzee wetu alikuwa na andiko lake, Warumi 12: "Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana." Ni kweli, lakini linasema kisasi. Paulo aliyeliandika alifungwa Kaisaria, na walipotaka kumpeleka Yerusalemu akaamuliwe huko, alijibu, "Nataka rufani kwa Kaisari." Hakuona kwamba rufani inapunguza imani yake. Halafu kuna yule mjane wa Luka 18, aliyemwendea kadhi asiyemcha Mungu wala kujali watu, akirudi tena na tena: "Nipatie haki na adui wangu." Yesu alipotaka mfano wa kusali bila kukata tamaa, alimchukua huyo, mwanamke anayebisha mlango wa mahakama. Kumwachia Mungu kisasi ni utii. Shamba kumwachia aliyelinyang'anya ni jambo jingine kabisa, na sijaona andiko linaloliamuru.

Mzee yule simlaumu. Alitaka kumfariji mama, na pengine ndivyo alivyofarijiwa yeye siku zake. Ila tukikutana wiki ijayo nitamwomba yeye mwenyewe atusomee Luka 18, kwa sauti yake ile tunayoipenda, kisha tumpe mama nafasi amalize habari yake. Na kama baraza la kata linamtaka aje na mashahidi, tuliokuwepo mpaka ule ulipowekwa tunajijua.