Mkojo rangi ya strungi: misuli ikivunjika, figo hupatwa na nini?

Kijana wetu alifukiwa na kifusi kwa saa kadhaa, akatolewa akiongea vizuri. Mbona alilazwa?

Kwa sababu hatari kubwa huanza akishaokolewa. Msuli uliobanwa muda mrefu hukosa damu, ukafa. Ukiachiwa, damu inarudi na kuzoa kilichomwagika humo: potasiamu, asidi, na protini ya misuli iitwayo mayoglobini. Potasiamu ikipanda ghafla, moyo unaweza kusimama palepale. Ndiyo maana waokoaji wenye ujuzi humtundikia mtu dripu ya maji ya chumvi angali chini ya kifusi.

Figo hufuata baadaye. Mwaka 1941, madaktari Bywaters na Beall waliandika habari za watu waliofukiwa na majengo London wakati wa mashambulizi ya mabomu. Walifika hospitali wakiwa na hali ya kuridhisha. Siku chache baadaye mkojo ukapungua, figo zikagoma, wakafa.

Mayoglobini inaziumizaje figo?

Maji mengi ya mwili hukimbilia kwenye misuli iliyovimba, hivyo figo hupata damu kidogo. Mkojo nao huwa mchache na wenye asidi, na mayoglobini huganda ndani ya vijirija vya figo na kuviziba. Madini ya chuma yaliyomo huchubua kuta zake.

Ni lazima ufukiwe?

La. Kipigo cha fimbo na mateke mapajani na makalioni kinatosha, hata kama hakuna mfupa uliovunjika. Nakitaja kwanza kwa kuwa aliyepigwa mara nyingi hurudishwa nyumbani mara picha ya eksirei inapoonekana safi. Wengine ni mlevi aliyelalia mkono usiku kucha, aliyepigwa na shoti ya umeme, mwenye degedege la muda mrefu, au mgeni wa gym aliyepitiliza siku ya kwanza. Simvastatini, dawa ya kolesteroli, nayo inaweza kuleta shida hii, hasa ikichanganywa na klarithromaisini, dawa ya kuua bakteria.

Dalili ni zipi?

Misuli kuuma, kuvimba na kuishiwa nguvu, na mkojo rangi ya strungi. Lakini usisubiri mkojo ubadilike. Kwa wengi haubadiliki. Maabara kuna jambo moja la kuangalia: kijiti cha mkojo kinaonyesha damu, ila kwenye darubini chembe nyekundu hazionekani. Hapo fikiria misuli. Kipimo cha damu cha CK, kimeng'enya kinachovuja msuli ukiharibika, ndicho hutoa jibu. Kikizidi kiwango cha kawaida mara 5, tatizo lipo.

Nimpe diklofenaki na madafu kwanza?

Vyote viwili acha. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo. Dafu, ambalo sisi humpa kila mgonjwa, lina potasiamu nyingi, na huyu tayari inamzidi. Mpeleke hospitali leo hii.

Ndiyo kusema atasafishwa damu kwa mashine maisha yake yote?

Mara nyingi hapana. Dripu ikianza mapema, wengi hawafiki huko. Manesi hupima mkojo kila saa, na kwa mtu mzima hulenga mililita 200 hadi 300. Anayesafishwa huenda akahitaji siku au wiki kadhaa mpaka figo ziamke. Akiruhusiwa, arudi kupima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, hata kama anajisikia mzima.