Kurudiwa si kulipizwa: dhana potofu kuhusu mateso ya Mkristo

Mtu akiugua, akifiwa au akifukuzwa kazi, maelezo huwahi kufika kabla ya chakula cha pole. Mwenzake wa kanisani atasema kuna dhambi imefichwa. Shangazi atataja laana ya ukoo. Mwingine, kwa nia njema kabisa, atasema Mungu anamchapa ili amnyooshe. Kauli hizi nyingi zina kipande cha Biblia ndani yake, ndiyo maana kuzing'oa ni kazi.

"Mungu ananiadhibu"

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Mstari unaotegemewa ni Waebrania 12:6: "Maana yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi." Kurudi hapa ni Kiswahili cha zamani, yaani kumwonya na kumnyoosha mtoto unayemlea. Kijana wa leo, ambaye kwake kurudi ni kutoka safari, anaweza kuusoma mstari huo akadhani Bwana humrudia mtu. Kisha anafika mstari wa 11: "Kila adhabu wakati wake haionekani kuwa kitu cha furaha." Hilo analielewa vizuri mno: viboko, faini, jela.

Katika Kigiriki ni neno moja tu, *paideia*, lililochipuka kutoka neno la mtoto. Ni malezi mazima: kufundisha, kuzoeza, kukemea. Tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952 imeligawa: "marudia" katika Waebrania 12:5, "adhabu" katika 12:11, "adabu" katika Waefeso 6:4, "kuwaadibisha" katika 2 Timotheo 3:16. Watafsiri hawakukosea, kila neno limechukua upande wake wa maana. Ila "adhabu" imetumika pia kwa jambo jingine kabisa, hukumu ya mwisho, kama katika Warumi 8:1: "hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu." Msomaji asiyezitenga adhabu hizi mbili ataomba msamaha wa dhambi asubuhi, na jioni homa ikipanda ataamini bado anadaiwa.

Paulo anazitenga ndani ya sentensi moja, 1 Wakorintho 11:32: "twarudiwa na Bwana, isije ikatupasa adhabu pamoja na dunia." Yaani kurudiwa ndiko kunakomkinga mtu na adhabu. Hakimu anaangalia kosa lililopita na kulitoza. Mzazi anaangalia mtoto atakuwa mtu gani baadaye, na Waebrania 12:10 inalitaja lengo hilo waziwazi: "ili tuushiriki utakatifu wake." Deni lililolipwa msalabani halidaiwi mara ya pili kwa saratani au kwa ajali ya bodaboda.

Kuna jambo jingine linalopitwa kwa sababu wengi huanza kusoma kwenye Waebrania 12:5. Anzia sura ya 10:32-34. Watu walioandikiwa waraka huu walikuwa wametukanwa hadharani na kunyang'anywa mali kwa sababu ya imani yao. Mwandishi hawatajii dhambi yoyote iliyowaletea hayo. Waliowaonea walikuwa waovu na uovu wao ulibaki uovu; hata hivyo Mungu aliyatumia maonevu hayo kuwalea wanawe. Ni vile vile Yusufu alivyowaambia ndugu zake katika Mwanzo 50:20: wao walikusudia mabaya, Mungu akakusudia mema. Aliyeona kusudi la Mungu hakuwafanya ndugu zake kuwa malaika.

"Kuna dhambi imefichwa, au ni laana ya ukoo"

Wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu kipofu tangu kuzaliwa: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Akakataa yote mawili (Yohana 9:3). Kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alisema hawakuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu (Luka 13:4-5). Kuhusu ukoo, Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Mtoto wa mlevi anaweza kurithi umaskini, hasira na hata ugonjwa, lakini hatia harithi. Wanaotoza sadaka ya kukata laana za mababu wanauza kitu ambacho nabii alikifuta zamani.

Wengine huteseka kwa sababu ya utii. Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji na uonevu wa serikali yake. Siku chache baadaye, tarehe 16, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Angekaa kimya, pengine angeishi.

Hata hivyo si kweli kwamba mateso hayahusiani na dhambi kamwe. Korintho baadhi waliugua, hata wakafa, kwa kuidharau meza ya Bwana (1 Wakorintho 11:30). Mfalme Daudi alirudiwa vikali kwa uzinzi na mauaji. Lakini tazama namna: nabii Nathani alitumwa, akalitaja kosa kwa jina lake, "Wewe ndiwe mtu huyo" (2 Samweli 12:7). Mungu anapomrudi mtu kwa dhambi fulani, hamwachi afumbue fumbo. Roho huonyesha tendo: ile risiti ya uongo, yule mwanamke, lile shamba la yatima. Hofu isiyo na jina, inayosema tu "wewe ni mbaya", haijatoka huko.

Basi jichunguze hivi. Tenga jioni moja tulivu, omba Zaburi 139:23-24, na uandike kinachokujia. Kikija kitu mahususi, kiungame, kisha urudishe ulichochukua. Zakayo, mtoza ushuru, alijitoza mara nne. Kama uliyemkosea yupo, mwendee. Kisipokuja kitu, funga daftari. Kosa la kawaida ni kulifungua tena kila wiki, mgonjwa akichimba utoto wake wote kutafuta sababu, hadi ugonjwa wa mwili unazaa na wa moyo.

"Mwenye imani hamezi dawa"

Timotheo alikuwa na tumbo linalomsumbua na magonjwa ya mara kwa mara, na Paulo akamwagiza atumie mvinyo kidogo (1 Timotheo 5:23). Trofimo, mwenzake Paulo safarini, aliachwa Mileto hawezi (2 Timotheo 4:20). Paulo mwenyewe aliomba mara 3 mwiba wake, taabu iliyomsumbua mwilini, uondolewe, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Hawa ndio waliokuwa karibu zaidi na miujiza ya mitume.

Yakobo 5:14 inawaagiza wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Haina hata herufi moja ya kumwambia aache tiba. Mfano wa hatari ni kifua kikuu. Tiba ya kawaida ni miezi 6. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, uzito unarudi, mgonjwa anasimama kushuhudia kwamba amepona, anaacha vidonge. Vimelea vilivyobaki ndivyo vigumu kuuawa. Vikizaliana, dawa za kwanza huenda zisivishinde tena, na aliyetoa ushuhuda ataambukiza nyumba yake aina iliyo mbaya zaidi. Ombewa, ushuhudie, na ukamilishe dozi. Aliye kwenye dawa za presha, kisukari au ARV naye asiache mpaka daktari aseme.

"Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba"

Mstari huo haupo. 1 Wakorintho 10:13 inazungumzia jaribu la kutenda dhambi, na sura nzima inahusu ibada ya sanamu. Kuhusu mizigo, Paulo anasema kinyume: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi" (2 Wakorintho 1:8). Aliyezidiwa aseme amezidiwa, abebewe.

"Usilie, Bwana alitoa na Bwana ametwaa"

Maneno hayo ni ya Ayubu 1:21, na aliyekuwa na haki ya kuyasema ni Ayubu. Mwombolezaji anaposema mwenyewe, ni ibada. Mgeni aliyeketi kwenye kiti cha plastiki anapomwambia mama aliyefiwa na mtoto, ni kumziba mdomo. Tena mtu yule yule, sura ya 3, aliilaani siku aliyozaliwa, na mwisho wa kitabu Mungu alisema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa, akawakasirikia Elifazi na wenzake wawili (42:7). Wao ndio waliotetea kwamba kila msiba una dhambi yake.

Zaburi za maombolezo ni kundi kubwa kuliko aina nyingine yoyote katika zile 150. Zaburi ya 88 huisha gizani, bila hata mstari mmoja wa sifa. Yesu msalabani aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Anayemlalamikia Mungu bado anaongea naye.

Rafiki za Ayubu walifanya jambo moja zuri: waliketi naye siku 7 mchana na usiku, wasiseme neno. Waliharibu walipofungua midomo. Kwa hiyo ukienda msibani, sema pole, mtaje marehemu kwa jina, kaa. Angalia kilichopungua: maji, mkaa, nauli ya ndugu wa mbali, ada ya mtoto. Rudi wiki ya tatu, turubai likiwa limeshaondolewa na simu zimenyamaza. Hapo ndipo nyumba huwa tupu kweli.

"Kipigo cha mume ni msalaba wako"

Hii ndiyo dhana inayoua, na mara nyingi husemwa na kiongozi wa dini. Msalaba ambao Yesu alisema tujitwike ni gharama ya kumfuata yeye. Mwanamke anayevunjwa mkono kwa sababu chakula kilichelewa hajaupata kwa kumfuata Kristo. Waebrania 12 inamtaja anayewarudi wana: ni Mungu. Haimpi mume cheo hicho juu ya mke.

Kuyakimbia mateso yanayoweza kukimbiwa si kukosa imani. Paulo alitoroka Dameski akishushwa ukutani ndani ya kapu (Matendo 9:25). Alipokaribia kuchapwa mijeledi alidai haki yake ya uraia wa Kirumi (22:25), na baadaye akakata rufani kwa Kaisari. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema mwenzi hana haki ya kumpiga mwenzake. Kenya ina sheria ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani ya mwaka 2015.

Mchungaji anayepokea kesi ya namna hii asianze kwa kuwaita wote wawili mezani. Mke atasema nusu ya ukweli akiwa mbele ya mpigaji, na nusu hiyo hiyo atailipia usiku. Amsikilize peke yake, aulize kama kuna silaha na kama watoto wako salama, amtafutie mahali pa kulala. Majeraha yatibiwe na kuandikwa hospitalini mapema kabla hayajafifia. Tanzania, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kusamehe kunawezekana akiwa kwa dada yake, mlango umefungwa.

"Ukiteseka, lazima ujue kusudi lake"

Warumi 8:28 inasema Mungu hufanya kazi katika mambo yote kuwapatia mema wampendao. Mstari wa 29 unaeleza mema hayo: kufananishwa na Mwana wake. Si lazima kazi nyingine iliyo bora, wala mchumba mwingine. Yusufu alikuwa na miaka 17 habari zake zilipoanza, 30 aliposimama mbele ya Farao. Ongeza miaka 7 ya shibe na 2 ya njaa: alikuwa na miaka kama 39 aliposema Mungu ndiye aliyemtuma Misri. Gerezani hakuwa na maelezo hayo. Alimwambia mnyweshaji tu kwamba hakufanya lolote la kustahili shimo lile (Mwanzo 40:15). Ayubu hakuambiwa kamwe kilichotokea mbinguni katika sura mbili za kwanza. Sisi wasomaji tunajua, yeye hakujua.

"Kumtenga muumini ni kumkomoa"

Makanisa nayo hurudi watu, na hapa dhana potofu huonekana kwa macho. Binti aliyepata mimba husimamishwa mbele ya usharika. Mwanamume aliyempa, akiwa kwenye kwaya, anaendelea kuimba besi. Mathayo 18:15-17 ina hatua: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha shahidi mmoja au wawili, ndipo kanisa. Anayeanzia kwenye matangazo ya Jumapili ameruka mbili. Na lengo limetajwa katika hatua ya kwanza kabisa: "umempata nduguyo."

Kosa linaloharibu zaidi ni kutenga bila kusema mwisho. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba adhabu waliyompa mtu yule yamtosha, wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni (2 Wakorintho 2:6-8). Kwa hiyo baraza la wazee likiamua, muhtasari utaje kosa, hatua za toba, jina la mzee atakayemtembelea kila wiki, na tarehe ya kulitazama jambo tena. Siku ya kumrudisha kundini itangazwe kwa sauti ile ile iliyotumika kumtenga, na kama aliimba kwaya, arudishiwe joho lake.