Je, rubani wa safari ndefu hukesha peke yake?

Hapa Unguja wengi huamini kuwa rubani wa safari ndefu hukesha peke yake mpaka Ulaya, na akisinzia tu, ndege imepotea. Hofu hiyo inaeleweka. Ni roho za watu. Lakini kazi hiyo hupangwa kwa zamu. Sheria za Marekani, kwa mfano, haziruhusu marubani wawili kurusha ndege ya abiria kwa muda wa zaidi ya saa 9. Wakiwa watatu mwisho ni saa 13, wanne saa 17. Boeing 777 nyingi zina vitanda vya marubani, na anayekwenda kulala huwaachia usukani wenzake wawili. Ukipanda ndege Kiembesamaki, muulize mhudumu marubani ni wangapi. Kanuni za saa zao za kazi nazo zipo kwenye intaneti, kila mtu anaweza kuzisoma.